Shingo Isiyo na Chapa

Ukutani sebuleni kwangu, hapa Garissa, juu ya runinga, imetundikwa picha ya watu wawili na ngamia mmoja. Watu hao ni mimi na eeddo yangu, dada wa marehemu baba. Kiswahili kina neno shangazi, na ni neno zuri, lakini nikimwita hivyo atadhani nimemjia na fomu ya serikali. Isitoshe, kwetu mtu na shangazi yake huitana kwa neno moja: mimi namwita eeddo, naye ananiita eeddo, kama watu walioshika kamba moja, kila mmoja upande wake. Ngamia ni wake. Au alikuwa wake. Nimeketi kuandika jinsi alivyompoteza mara mbili, na jinsi picha hiyo, iliyotegemewa kumrudisha, ndiyo iliyompoteza mara ya pili.

Aliyeipiga ni rafiki yangu wa zamani. Tulisoma pamoja shule ya bweni, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini, na mpaka leo tunasemezana kile Kiswahili cha bweni ingawa sote wawili tulinyonya Kisomali. Ana studio karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la maporomoko ya maji ambayo hakuna mteja wake hata mmoja aliyewahi kuyaona kwa macho, na kompyuta ambamo nyuso za mji mzima huingia na vumbi lake na kutoka zimeoga. Kazi hiyo anaiita kusafisha. Meno yetu ya kahawia, tuliyopewa na maji ya visima tangu utotoni, kwake hutoka meupe. Makunyanzi hunyooka. Mabibi harusi huondoka na rangi ya chapati iliyoepuliwa kabla ya wakati, na mama zao huisogeza picha mbali, wakaileta karibu, wakaridhika.

Tulibishana juu ya jambo hilo miaka na miaka. Mimi nilishika upande wa ukweli, kwa kuwa nafundisha chuoni na tumezoea kudhani ukweli ni mali yetu. Nilisema picha ni shahidi, na shahidi haruhusiwi kupendeza. Niliwahi hata kuandika makala ndefu juu ya hilo, yenye maneno kama "uaminifu wa jicho", ikasomwa na watu wanne, wawili wao ndugu zangu. Yeye hakuisoma. Alisema tu, akifuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati, "Mwalimu, miaka yote hii hajarudi mtu hapa kulalamika kwamba nimemfanya mzuri kuliko alivyo."

Nilimwona mtu mwepesi. Nilimpenda, lakini nilimwona mtu mwepesi.

Picha yenyewe ilipigwa kwa bahati. Yeye alikuwa ameitwa kupiga picha za harusi Wajir, na gari lake lilikuwa na nafasi, nami nilikuwa sijamwona eeddo mwaka mzima na dhamiri ilianza kunisumbua. Harusi ilipokwisha tuliendelea hadi Griftu, tukatoka nje ya mji hadi kwenye boma lake la miiba. Eeddo alitupokea kwa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa kuwa vyombo vya maziwa kwetu hufukizwa. Rafiki yangu alikunywa vikombe vitatu, kisha akasema angependa kumpiga picha.

Eeddo alikataa kupigwa peke yake. Alisema kama ni picha, basi na huyu aliyemsomesha mpwa wake awemo, akaenda kumleta ngamia jike kwa kamba. Hakuwa anatia chumvi. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita, na kila likizo nilikuwa narudi kwa eeddo nikiwa mifupa na vitabu, naye ananirudisha shuleni nikiwa na nyama kidogo mwilini. Maziwa yale yalikuwa ya nyanya wa ngamia huyu. Ukoo wao ulinilea kama ukoo wangu ulivyonilea, na kwa malalamiko machache zaidi.

Rafiki yangu alitupanga. Eeddo kulia, mimi kushoto, ngamia katikati, shingo yake mbele ya kifua changu, na mkono wangu juu ya shingo hiyo, kama mtu anayemiliki kitu. Akatuambia tumtazame yeye. Mimi nilimtazama, nikavuta tumbo ndani. Eeddo alimtazama ngamia.

Wiki mbili baadaye picha ilifika ikiwa kubwa, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nikaitundika. Wageni waliisifu. Mzee mmoja wa upande wa Elwak, aliyekuja kwangu kuuliza habari za nafasi ya chuo kwa bintiye, alisimama mbele yake muda mrefu na kuniuliza ngamia huyo ni wa nani. Nikamwambia ni wa eeddo. Akauliza tena, wa nani? Nikajibu kwa sauti ya juu zaidi, nikidhani masikio yake yamechoka. Akarudi kwenye kiti chake, akaongea juu ya bintiye.

Kisha ukame ukaja. Sitausimulia, waliouona hawahitaji, na wasiouona hawataamini. Wanyama wa eeddo waliobaki alipewa binamu yangu mmoja ahame nao kuelekea Elwak, ambako ilisemekana mvua imenyesha. Huko visimani mifugo ya watu wengi ilichanganyika, na siku moja ngamia yule hakurudi na wenzake. Binamu alimtafuta mwezi mzima. Akarudi na viatu vilivyotoboka.

Ndiyo mara ya kwanza.

Miaka mitatu ilipita tangu tupigwe ile picha, na asubuhi moja eeddo akanipigia simu. Huwa hapigi simu, husubiri apigiwe. Alisema ngamia ameonekana. Alikuwa katika soko la mifugo la Griftu, katika kundi la mtu mmoja, amenenepa, ana ndama, na eeddo alipomwita kwa ule mlio anaowaitia wanyama wake wakati wa kukamua, aligeuza kichwa. Lakini mtu yule alisema kwa upole kwamba ngamia wengi hugeuza kichwa wakiitwa, na kwamba huyu alizaliwa nyumbani kwake.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Kila ngamia huchomwa chapa kwa chuma cha moto, na chapa hiyo ndiyo jina la ukoo wake. Chapa ya nyumba ya eeddo ni bakora, fimbo yenye kichwa kilichopinda, upande wa kushoto wa shingo. Chapa ya yule mtu ni duara. Na ngamia aliyesimama sokoni Griftu alikuwa na duara. Eeddo alisema lile si duara la kuzaliwa nalo bali bakora iliyofungwa: mtu amechukua chuma, akaunganisha kichwa cha fimbo na mguu wake, akasubiri kidonda kipone. Kovu juu ya kovu, baada ya miaka, si rahisi kulitenganisha.

Wazee wa kusuluhisha walikubali kuketi. Sheria yao ni fupi: anayedai alete mashahidi wawili, akishindwa, anayekana ataapa kwa Mungu, na akiapa jambo limekwisha. Shahidi wa kwanza alikuwa binamu aliyetoboka viatu. Wa pili, eeddo alisema, ni mimi.

"Na uje na ile picha, eeddo," aliniambia. "Wewe wanaweza kukuita jamaa yangu. Picha haina ukoo."

Nitakiri kwamba nilifurahi. Miaka yote nimehubiri kwamba picha ni shahidi, na sasa nilikuwa nimepewa shahidi wa kupeleka barazani. Nilishusha fremu ukutani, nikapangusa kioo, nikaitazama kwa muda. Naweza kuapa kwamba niliitazama. Kisha nikaizungushia shuka na kupanda basi.

Kwenye vizuizi vya barabarani tulishushwa kama kawaida, vitambulisho mkononi. Askari mmoja alilinganisha uso wangu na ule wa kitambulisho, akasema nimezeeka. Nikamwambia hiyo ndiyo picha pekee niliyo nayo ambayo haijaguswa na fundi. Hakucheka. Aliniambia nifungue shuka, akaona fremu, akaona ngamia, akaniona na mimi, akasema, "Hapa umependeza." Nikarudi kwenye kiti changu nimefura kidogo kwa majivuno.

Wazee walikuwa watatu, wameketi kwenye mikeka barazani mwa stoo moja kando ya soko la mifugo, mgongo kwa magunia. Yule mtu alikuwa ameketi kando, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, na sikuona uovu wowote usoni mwake. Jambo hilo liliniudhi. Eeddo alikuwa upande wa pili na wanawake wawili wa jirani. Ngamia mwenyewe alikuwa amefungwa mbele yetu, anatafuna, hana habari.

Binamu alisema yake. Akaulizwa maswali, akajibu vizuri. Kisha mzee wa katikati, ambaye jicho lake moja lilikuwa na ukungu, akaniashiria. Nilisimama. Sikusema niliona nini. Nilisema, kwa Kisomali changu cha chuoni kilichowafanya watazamane, kwamba maneno ya jamaa yana upendeleo lakini hiki nilichokuja nacho hakina, nikafungua shuka na kumkabidhi picha. Nadhani hata nilisema ni shahidi.

Mzee akaifuta kwa ncha ya kikoi chake. Akaielekeza kwenye mwanga. Akampa wa kulia, ambaye aliipitishia kidole juu ya kioo, polepole, kutoka taya hadi bega. Akampa wa kushoto. Wa kushoto hakuchukua muda.

Kisha mzee wa katikati akamwita yule mtu mwenye ndevu za hina, maana kila upande una haki ya kuona. Akaja, akainama, akatazama picha, akamtazama ngamia wake, akarudi kwa picha.

"Huyu ni mzuri kuliko wangu," alisema. "Mtafuteni, Mungu awape."

Watu wakacheka kidogo. Nikasogea na mimi kuona wanachokiona. Mkono wangu ulikuwa pale, juu ya shingo, vidole vimepanuka. Na kandokando ya vidole, juu yake na chini yake, ngozi ilikuwa laini, rangi ya mchanga, sawasawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Hapakuwa na bakora. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa shingo ya ngamia ambaye hajawahi kuwa na mwenyewe, na hakuna ngamia wa namna hiyo kutoka hapa mpaka baharini.

Miaka mitatu ilikuwa juu ya runinga yangu. Nilikuwa nikiitazama kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Ndipo nilipomkumbuka yule mgeni wa Elwak aliyeniuliza mara mbili ngamia ni wa nani, nami nikampandishia sauti.

Mzee mwenye jicho la ukungu hakuwa mtu mbaya. Aliiweka picha kando, kifudifudi, kama mtu anayefunika kitu cha aibu, akasema picha tuiache, ni karatasi. Akaniuliza mimi. Nilisimama karibu na ngamia huyo kiasi cha kumshika. Nilinywa maziwa yake. Niseme basi: shingoni mwake niliona chapa gani?

Swali rahisi. Jibu nilikuwa nalo, nimeambiwa kwa simu siku nne kabla: bakora, upande wa kushoto. Lakini swali halikuwa nimeambiwa nini. Nilifumba macho nikajaribu kurudi kwenye boma lile. Niliona kamera. Nilimwona rafiki yangu amepiga goti kwenye mchanga. Nilihisi tumbo langu nilivyolivuta. Joto la shingo chini ya kiganja nililihisi pia, na manyoya. Kama palikuwa na kovu chini ya vidole, vidole havikuniambia.

Nikasema sikumbuki.

Wanawake wawili wa jirani walitazama chini. Eeddo hakutazama chini. Alinitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Eeddo," alisema, "siku ile ulikuwa unatazama nini?"

Baraza zima lilikuwa linasubiri nimjibu.

Wazee walishauriana, wakasema mwanamke huyu ameleta shahidi mmoja na nusu, na kwamba watampa hadi adhuhuri ya kesho, akipata wa pili amlete. Wakati ule nilijua la kufanya. Picha ya asili, ile kabla ya kusafishwa, lazima iko kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Nilipanda kijilima nyuma ya soko ambako mtandao hushika, nikampigia.

Alipokea kwa furaha. Nikamweleza. Nikamuuliza picha ya asili iko wapi.

"Picha ya asili? Mwalimu, nilifuta zamani. Ukishakula ndizi, maganda huwa unayaweka kabatini?"

Nikamwambia mambo ambayo sitayaandika. Kwamba ameiba ngamia kwa kompyuta, hilo nitaliandika. Alisubiri nimalize. Halafu akaniuliza kama nakumbuka ujumbe niliomtumia mimi mwenyewe, siku mbili baada ya kurudi kutoka Griftu.

Nilikuwa nimeusahau. Hapana. Nilikuwa nimeuweka mahali ambapo mtu huweka mambo ya namna hiyo. Mimi, mwandishi wa uaminifu wa jicho, nilimwandikia: *Punguza hicho kitambi kidogo. Na huo uchafu mwingine safisha.* Kwa uchafu nilimaanisha mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miiba nyuma yetu. Pengine pia kivuli fulani pajani mwa suruali yangu. Sikufafanua. Mtu anayeomba jambo analoonea haya haliombi kwa urefu.

"Hukusema uchafu upi," alisema. "Nikasafisha."

"Lakini ulijua ile ni chapa."

"Nilijua. Mimi ni mtoto wa lami, si kipofu. Lakini ilikuwa imekaa vibaya, mwalimu. Jicho la mtu lilikuwa linakwenda pale badala ya kuja usoni kwako."

Nikamuuliza, bila kutumaini lolote, kama anakumbuka umbo lake.

"Bakora," alisema papo hapo. "Kichwa kimepinda kuelekea sikio. Mguu wake umefika karibu na kidole chako cha shahada, na pale chini chuma kiliteleza kidogo, kuna mkia. Saa nzima niliitumia kuiondoa hiyo. Manyoya ya ngamia ni kazi."

Nilikaa chini pale kilimani. Katika watu watatu tuliokuwa bomani siku ile, ukimwacha eeddo, aliyeiona ile chapa kwa hakika ni yule aliyeifuta. Mkia chini pale, hata eeddo hakuwa ameutaja. Nikamwambia apande basi la jioni hiyo. Angefika kabla ya adhuhuri. Aje aketi mbele ya wazee aseme alichoniambia, neno kwa neno, na ngamia atarudi nyumbani.



Alisema hawezi. Nikadhani ni nauli, nikasema nitalipa. Akasema si nauli. Nusu ya harusi za Wajir ni zake, alisema, na soko lile litajaa watu. Anasimamaje pale kukiri kwa mdomo wake kwamba anafuta chapa za watu?

"Kwako ni ngamia mmoja," alisema. "Mimi nikitoka pale, nani ataniletea tena uso wake?"

Nilimkumbusha vikombe vitatu vya chai alivyokunywa kwa eeddo. Alisema anavikumbuka, na kwamba anamheshimu sana yule mama, nimpe salamu. Kisha akauliza: kwani mimi sikuwepo? Mkono si wangu? Niende niseme bakora. Sasa nimeshajua hadi mkia.

Alikuwa sahihi, na alikuwa amechelewa. Mtu aliyesema asubuhi mbele ya soko kwamba hakumbuki, akirudi kesho na mkia wa chapa, hata ngamia atamshangaa. Na pengine, kama asingekuwa amechelewa, ningekwenda nikaapa. Ninapenda kuamini nisingeapa. Ninapenda kuamini mambo mengi juu yangu, na mojawapo liko kwenye fremu ya dhahabu.

Nilimweleza eeddo yote. Hata ule ujumbe. Nilidhani nikijivua hadi mwisho nitapata nafuu, lakini yeye alikuwa anasikiliza jambo moja tu. Aliniuliza yule rafiki yangu alisema mkia? Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu. Alisema mumewe alipomchoma ndama yule, mkono ulimtetemeka. Alikuwa tayari ameanza kuugua. Baadaye akaniambia kesho nisiseme chochote barazani. Hilo lilikuwa ombi lake pekee, nami nililitimiza.

Adhuhuri yake yule mtu mwenye ndevu za hina alishika msahafu akaapa kwamba ngamia yule ni wa kuzaliwa kwake. Aliapa kwa sauti thabiti. Labda alimnunua kwa mtu aliyemnunua kwa mtu, na kufikia siku ile alikuwa ameshaamini, labda sivyo. Aliyeapa ameapa. Eeddo alisema "Alhamdulillahi", akainuka, akapangusa mchanga kwenye guntino yake, ile nguo ya kufunga begani ambayo wenzake wote wameshaiacha. Alipopita karibu na ngamia hakumwita. Ngamia alimfuata kwa macho hadi alipopinda kona ya magunia. Wazee walikuwa wanaagiza chai.

Bomani eeddo alianza kupika chai yake mwenyewe, ya maziwa ya mbuzi. Maji yalipokuwa yanachemka aliniambia nitoe ile picha kwenye kioo. Nikadhani anataka kuichana, na nilimpa kwa hiari. Hakuichana. Aliilaza juu ya kigoda, akatafuta msumari mrefu wa paa uliokuwa umechomekwa kwenye ukuta wa nyumba, akausukuma kati ya makaa chini ya sufuria, akasubiri. Hakuwa na haraka. Ulipogeuka mwekundu aliushika kwa kitambaa kilicholowa, akainama, na mahali pale kando ya vidole vyangu akachora fimbo, kichwa kimepinda kuelekea sikio. Karatasi ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya dawa. Chini kabisa, msumari ukiwa karibu kupoa, aliuvuta kidogo pembeni. Mkia.

Alipomaliza aliyapuliza majivu yake, akanirudishia.

"Rudi nayo kwako," alisema. "Safari hii utaiona."

Naiona. Ninakula nikiiona. Kwenye kidole changu cha shahada kuna doa la kuungua. Msumari ulipita karibu. Nampigia eeddo kila Ijumaa, ananijibu vizuri, ananiulizia watoto, ananiita eeddo kama zamani. Lakini nikimuuliza habari za mifugo husema wako salama, na kutoka hapo huendelea na mambo ya mvua. Zamani alikuwa akinitajia mmoja mmoja.

Rafiki yangu alikaa miezi miwili bila kuja. Kisha alikuja, Jumapili asubuhi, ameleta mkungu wa ndizi za shamba la kando ya Tana. Sikumfukuza. Kitanda cha juu na cha chini si jambo dogo, na kumfukuza kungenilazimu nami nitoke. Mke wangu alileta chai. Alikunywa nusu, akaona ukuta, akainuka akaisogelea picha hadi pua yake ikakaribia kioo. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, kwa jicho lile la kazi.

Kisha akainua kidole, akakiweka juu ya kioo.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Hapohapo. Na mkia wake."

Ule ndio ushahidi wote uliohitajika, neno kwa neno, na waliousikia walikuwa mimi na birika. Aliendelea kutazama. Akasema karatasi imeungua vibaya kwenye kingo, lakini nikimwachia kwa siku mbili ataipiga upya, aizibe, hakuna atakayejua kwamba paliwahi kuwa na tundu.

Nilimuuliza kama yale maneno ya kwanza angeweza kuyarudia Griftu.

Akarudi kwenye kiti, akaonja kikombe chake, akasema chai imepoa.